Mstari wa Bluu na Bustani ya Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Leo maisha yangu yamegeuka. Saa nne asubuhi, bandani, nikichora bango la seremala. Chini nimetandaza kurasa za gazeti la zamani la kilimo ili rangi isidondokee sakafuni. Jicho likatua kwenye kichwa cha habari: Bustani ya Mvua. Nikapiga magoti. Nikasoma. Nikamsahau seremala, ambaye bango lake mpaka sasa linasema SEREMA.

Jambo lenyewe ni hili. Unachimba shimo pana uani, kina chake hakizidi sufuria kubwa. Maji ya paa unayaelekeza humo. Unapanda mimea yenye mizizi mirefu. Mizizi inakunywa, udongo unameza, na kesho yake shimo ni kavu. Hakuna dimbwi, hakuna tope. Maua tu!

Haikuwa bahati, ilikuwa ishara. Mvua ya mwezi uliopita iliingia chumba cha kushonea cha mke wangu na kulowesha jora zima la kitambaa. Mke wangu akikasirika kwa sauti, mambo ni salama. Siku ile alikasirika huku anatunga uzi kwenye sindano. Alisema taratibu kwamba tarehe kumi na saba anatakiwa kukabidhi sketi sitini za marinda, sare za shule. Akasema maji yakiingia tena chumbani kwake, hata ya kujaza kikombe, cherehani itahamia bandani kwangu na brashi zangu zitahamia uani.

Banda langu! Miaka kumi na moja humo. Rangi zangu, redio yangu, kiti changu chenye miguu mitatu na tofali.

Kasoro moja ndogo. Rangi ya kijani imedondokea ukurasa, na maelezo kuanzia hatua ya pili hadi ya tano hayasomeki. Hatua ya kwanza inasema: kuwa na nia. Ninayo. Ya sita inasema: furahia. Katikati nitajaza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza kwa kasi. Nimechora bango.

Kila jambo la maana huanza na bango. Nimetumia mgongo wa lile la UYOGA BORA HAPA, kwa kuwa mgongo wa KUKU WA MAYAI tayari una SAMAKI WABICHI KUTOKA BWAWANI KWETU. Mabango hayo ni mazuri hadi leo. Uyoga, kuku na samaki ndio hawakuwa na nidhamu.

Sasa linasomeka: BUSTANI YA MVUA. BUSTANI YA MFANO. TAFADHALI USIKANYAGE. Chini yake ua kubwa jekundu, petali saba, kivuli upande wa kushoto. Nimelipigilia kwenye nguzo mbili karibu na geti na kuzimwagia zege miguuni, lisije likang'olewa na upepo au na wivu.

Mke wangu alitoka na tepu yake ya kupimia shingoni, akalisoma, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akauliza bustani iko wapi. Nikamjibu kwamba bango ni nusu ya kazi. Akauliza nusu nyingine ni ya nani. Nimemsamehe. Yeye ni mtu wa marinda, huona kitu kikishakunjwa.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya sayansi.

Swali: maji ya ua wangu yanaelekea wapi? Mtu wa kawaida angesema yanaelekea chumba cha kushonea, kwa sababu ndiko yanakoingia. Hapo ndipo watu wa kawaida wanapokosea. Bomba la kushushia maji kutoka kwenye gata liko katikati ya nyumba, na mdomo wake umeelekezwa chumba cha kushonea. Maji yanasukumwa kule. Hayajawahi kuulizwa yanapenda kwenda wapi.

Nikauliza mimi. Siku tulipohamia nyumba hii nilipiga mstari wa bluu chini ya ukuta wote wa uani, kutoka chumba cha kushonea hadi getini. Mkono mtupu, brashi moja, jicho tu. Mstari wangu ndio kitu kilichonyooka kuliko vyote katika mtaa huu. Basi leo nikapima kutoka mstarini hadi ardhini. Upande wa chumba cha kushonea: shubiri moja. Upande wa geti: shubiri mbili na vidole viwili. Maana yake, ardhi inashuka kuelekea getini! Ni hesabu ya mtoto. Nikaruka peke yangu uani.

Wakati naruka akaingia shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni fundi mwashi na mtaa mzima unamwita Pimamaji, kwa sababu kile kifaa chake cha kupimia usawa, chenye kipovu ndani, hakimtoki mkononi. Nasikia alikwenda nacho hata siku ya kutoa posa. Akaniuliza ninashangilia nini. Nikamweleza. Akautazama mstari, akamtazama dada yake aliyekuwa dirishani, dada yake akatazama juu. Kisha akasema kwa adabu, Shemeji, nilete mpira wa maji tupime mwinuko? Ni dakika tano.

Nikamwambia ahsante, jicho langu limepiga mistari ya hospitali mbili na uwanja wa mpira. Sihitaji kusaidiwa na kipovu.

Akasema sawa. Hiyo sawa yake haikunipendeza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechimba! Tangu saa moja asubuhi, sururu na beleshi. Ukubwa: upana sawasawa na bango. Nadhani ukurasa ulitaka shimo lilingane na ukubwa wa paa, neno paa linachungulia kwenye kijani, lakini bango pana na bustani pana zaidi haviwezi kukaa pamoja machoni. Kina: sufuria ya ubwabwa wa watu kumi. Mgongo wangu ulipendekeza watu wanane, tukakubaliana.

Udongo niliochimba nimeujengea tuta upande wa geti, upande wa bondeni, maji yasije yakatorokea barabarani. Nimelishindilia kwa miguu. Ni imara kama deni la ukweni. Upande wa nyumba nimeuacha wazi, kwa sababu maji hayapandi mlima.

Jaribio: nikajaza maji shimoni, ndoo nne. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, hakuna hata tone. Udongo umemeza yote! Nikamwita mke wangu, nikamwonyesha shimo tupu. Akakubali kwamba ni tupu. Akaongeza kwamba lilikuwa tupu pia kabla sijajaza, lakini niliona mdomo ukicheka pembeni. Ameanza kuamini. Nilimshika mkono wenye kastabini ya kushonea, tukasimama hapo kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Mimea. Nilikwenda kwa jirani wa kulia, Mwalimu Mstaafu, mama aliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma na ambaye ua wake una majani ya kila aina. Nikampa shikamoo mbili, ya kumsalimia na ya kumwomba. Nikamwambia nataka maua mekundu, petali saba.

Akauliza kwa nini saba. Nikamwambia bango limekwisha kauka.

Alinitazama kama mtu anayesahihisha daftari. Akaeleza kwamba bustani ya namna hiyo inataka mimea inayovumilia kulowa miguu leo na kukauka koo wiki ijayo. Akanipa mashina ya mchaichai ya kuzungushia kingo, matete mafupi ya katikati, na mimea fulani yenye majani mapana kama ya mgomba mdogo ambayo maua yake, Mungu ni mkubwa, ni mekundu. Petali nimehesabu tatu au nne. Bango lina haki ya kuota ndoto.

Akauliza pia likijaa, maji ya ziada yatapitia wapi. Nikamwambia halitajaa. Akasema kila kitu chenye kina hujaa. Walimu hawastaafu, huhamisha tu darasa.

Nimepanda yote kabla ya adhuhuri. Nimegeuza mdomo wa bomba na kuunga bomba jipya, limekaa juu ya vigingi kwa urefu wa goti, hadi shimoni. Nimeketi kwenye tofali na kulitazama kwa saa nzima. Jamani, ni zuri. Sijawahi kutengeneza kitu ambacho kitakua.

Alhamisi, 13 Machi

Tatizo. Uzinduzi ni Jumamosi na mbingu ni safi kama sahani.

Ndiyo, kuna uzinduzi. Nilimwalika Mwenyekiti wa mtaa jana. Mwenyekiti anapenda kukata utepe kuliko kula. Nilimwambia pia majirani watakuja, kisha nikawaambia majirani kwamba Mwenyekiti atakuja, na yote mawili yakawa kweli.

Lakini huwezi kuzindua bustani ya mvua bila mvua. Nimetazama juu tangu asubuhi hadi shingo imekakamaa. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yamekwenda likizo.

Saa tisa alasiri, wazo! Kwani paa linajua tofauti? Maji ni maji. Nitapanda ngazi, nitamwaga ndoo juu ya bati, gata litapokea, bomba litashusha, bustani itakunywa. Nimejaza mapipa mawili kutoka bombani. Mke wangu aliuliza ya nini. Nikasema ni akiba. Akasema, akiba ya maji, mwezi wa mvua? Akarudi kwenye marinda. Amebakiza sketi kumi na mbili. Nasikia cherehani hata ninapoandika, na najua kila mshono wa humo unalitegemea shimo langu.

Jumamosi, 15 Machi

USHINDI! Naandika nguo zangu bado zimelowa, nusu kwa jasho na nusu kwa ndoo.

Walikuja watu ishirini na saba. Mwenyekiti alivaa koti. Utepe ulikuwa kipande cha kitambaa cha sare, mke wangu alinipa mwenyewe bila kuombwa. Nilihutubia nikiwa juu ya ngazi, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine niliyemwamini kumwaga. Nilisema sentensi, nikamwaga ndoo. Sentensi, ndoo. Pimamaji alinipitishia ndoo kutoka chini, na nakiri alifanya kazi nzuri.

Maji yaliteremka bombani kwa sauti tamu kama ya kumimina chai. Yakaenea kati ya matete. Majani mapana yakatikisika. Ndoo kumi na sita, na bustani ikazimeza zote! Watu walipiga makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mwenyekiti alikata utepe, akasema bustani kama hii inatakiwa pia kwenye ofisi ya mtaa, ambako karani hukaa miguu juu ya meza kila mvua inaponyesha, na akasema mbele ya mashahidi kwamba kazi hiyo ni yangu.

Mwalimu Mstaafu alinyoosha mkono. Akauliza mvua ya kweli ya saa moja ni ndoo ngapi. Nikajibu kwamba maswali yatapokelewa mwishoni, na mwisho umeshapita.

Walipoondoka, mke wangu alinisaidia kukunja ngazi. Alisema bustani imependeza. Imependeza, hilo ndilo neno lake. Miaka kumi na moja ya ndoa na mabango, nimelisubiri sana. Nilitaka kulichora ukutani.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imekuja. Naandika yote, hata ninayotaka kuyaruka.

Asubuhi mawingu meusi yalitokea upande wa geti. Nilifurahi mpaka sikumaliza chai. Nilitumia asubuhi nzima kufuta vumbi kwenye bango. Sikumwona mke wangu kwa saa mbili, nikadhani amelala kwa uchovu, maana sketi zilikwisha jana jioni.

Saa nane mchana tone la kwanza. Nikasogeza kiti changu, kilichobaki uani tangu uzinduzi, nikafungua mwavuli, nikaketi mbele ya bustani kama mtu aliyelipia. Gata likaimba. Bomba likatapika. Shimo likaanza kujaa, na nilishangilia, kwa kuwa hivyo ndivyo lilivyotakiwa. Matete yakasimama majini. Maua mekundu yakawaka. Robo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa kwenye kiti kile.

Kisha likajaa. Kweli lilijaa, mpaka pomoni. Maji yakaligusa tuta la upande wa geti na tuta likasimama imara. Nikalisifu. Maji yakageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, yakatoka upande ule niliouacha wazi, yakashika ukuta, yakatembea chini ya mstari wangu wa bluu. Yakaelekea moja kwa moja chumba cha kushonea. Yalikuwa yanapanda mlima! Niliyaona kwa macho yangu haya.

Nikayakimbilia. Nikasimama mbele yake na kunyoosha mikono. Yakapita kati ya miguu yangu. Nikapiga beleshi la kwanza la udongo, nikapiga la pili, yakanizunguka. Kizingiti kikazama. Nikasukuma mlango, maji yalinifika kwenye vifundo. Pembeni kulikuwa na gunia kubwa limefungwa kamba. Sketi sitini! Nikalitwika kichwani, nikakimbia uani, nikateleza nikaanguka kifudifudi, nikainuka nalo, nikaanguka tena, nikaingia nalo bandani kama mtu aliyeokoa mtoto.

Ndani, kwenye misumari yangu ya kutundikia mabango, zilining'inia sketi sitini. Kavu, zimepigwa pasi, marinda yamelala. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, anatunga uzi. Cherehani ilikuwa kwenye meza yangu ya rangi. Alikuwa amezihamisha asubuhi, yeye na Pimamaji, wakati mimi nafuta vumbi.

Gunia lilikuwa la mabaki ya vitambaa.

Niliona aibu. Sina neno jingine. Nilisimama pale tope linanichuruzika na nikawaza, kama angeniamini, kesho asingekuwa na cha kukabidhi. Nilimwambia hivyo. Hakunicheka. Alinifuta uso kwa kipande cha sare. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya sindano, kwamba brashi zangu zimo kwenye beseni, nje, chini ya mwavuli.

Jumanne, 18 Machi

Sketi zimefika shuleni jana, zote, na mwalimu mkuu ameagiza mashati. Mke wangu anaimba bandani. Anasema cherehani haitikisiki kwenye sakafu ile. Mimi nachora uani. Sikujua mwanga wa nje ni mzuri kiasi hiki! Nimemaliza hata bango la seremala, ingawa kuku wa jirani alikanyaga herufi L.

Leo Pimamaji alikuja na mpira wake wa maji. Ni mpira mrefu wa plastiki unaopitisha mwanga, umejaa maji, na maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja hata ukizunguka nyumba. Akanishikisha ncha ya getini, yeye akashika ya chumba cha kushonea. Akaweka alama. Ardhi ya getini iko juu zaidi. Kwa shubiri moja na vidole vinne.

Nikasema mpira umechoka. Akachukua kifaa chake na kukiweka juu ya mstari wangu wa bluu. Kipovu kikakimbilia upande mmoja, kikabaki huko. Akakigeuza. Kikakimbilia upande ule ule. Hakucheka, na bora angecheka.

Mstari wangu!

Nikaingia bandani, nikamwuliza mke wangu kama alijua. Akasema alijua tangu siku ile ile ya kuhamia. Akasema kila mgeni anajua, na kwamba Mwalimu Mstaafu aliwahi kuutumia kufundishia mwinuko. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Akashona kidogo. Akasema siku ile nilikuwa napiga mstari huku naimba, na yeye alikuwa anafungua mizigo, na alitaka niendelee kuimba.

Nilitoka nje, nikaketi chini ya mwavuli.

Baada ya chai nimetafakari kisayansi na nimepata jibu. Mstari ulikuwa umenyooka. Nyumba ndiyo imezama upande mmoja. Miaka kumi na moja si mchezo.

Jumamosi, 22 Machi

Tangu Jumatano tunachimba upya. Tunachimba, ndiyo, ila mimi nimepewa toroli. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, basi nimeoga.

Mke wangu alichukua ule ukurasa wa gazeti na kitambaa chenye thina ya kutolea rangi, akasugua kijani taratibu kama anayetoa doa kwenye shati jeupe. Hatua ya pili ikatokea: pima mwinuko wa ardhi kwa mpira wa maji, usiamini macho. Ya tatu: ukubwa ulingane na paa. Ya nne: weka tuta upande wa bondeni. Ya tano: acha njia ya maji ya ziada. Mwalimu Mstaafu alizisoma kwa sauti, akanitazama juu ya miwani baada ya kila hatua. Nikasema gazeti lenyewe ni la zamani sana.

Bustani mpya iko nyuma ya nyumba, hatua tano kutoka ukuta wa chumba cha kushonea. Ni pana mara tatu. Pimamaji alipima, mke wangu alichora umbo lake ardhini kwa chaki yake ya nguo, Mwalimu alihamisha mimea, mimi nilisukuma udongo na kutoa mawazo. Tuta liko upande wa nje, na lina pengo lenye mawe kuelekea mtaro wa barabara ya nyuma.

Leo saa saba ikanyesha, saa nzima, mvua ya kuangusha mwavuli wangu. Bustani ikapokea, ikajaa, ikapumulia kwenye pengo la mawe. Kizingiti cha chumba cha kushonea kilibaki kikavu! Nilikigusa kwa mkono, nikakigusa kwa shavu. Nikakimbia bandani kumwambia mke wangu. Alikuwa ameshaona. Alikuwa dirishani, amesimamisha cherehani.

Nikamwuliza kwa upole kama sasa, chumba kikiwa kikavu, anaweza kurudi. Akasema banda lina mwanga.

Bango halikung'oka getini, kwa sababu ya zege. Nimeongeza mshale.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi bustani ilikuwa kavu kabisa. Siku moja tu, kama nilivyotabiri tarehe tatu. Ua jipya jekundu limefunguka. Majirani wanne wamekuja kunipongeza, wakimtazama Pimamaji.

Mwenyekiti naye alipita. Hakuwepo Jumapili iliyopita, kwa hiyo anakumbuka ndoo tu. Karani wake ana miguu juu ya meza tangu jana. Aliniuliza nitaanza lini. Nikamwambia kesho. Nilipokea kazi kubwa kuliko zote za maisha yangu nikiwa na beseni la brashi mkononi!

Ili mkono usilale, nikaamua kwanza kurekebisha hapa nyumbani. Nyumba imezama, mstari umepinda kwa kosa la nyumba, lazima upigwe mpya. Nikafuta ule wa zamani kwa chokaa. Nikachovya brashi. Nikafumba jicho moja. Nikaanza kutoka chumba cha kushonea kuelekea getini, na katikati hivi nikajikuta naimba.

Cherehani ikanyamaza. Mke wangu akatoka, akaketi kizingitini pa banda, mikono mapajani. Pimamaji naye akatokea na kifaa chake, akakielekeza ukutani. Mke wangu akakichukua mkononi mwake, akakikalia.

Nimeelewa. Hatimaye amekubali kwamba jicho langu halihitaji kipovu.

Nimeimba mpaka getini. Mstari umenyooka kama uzi. Nikarudi nyuma hatua kumi kuutazama, nikamwuliza mke wangu anauonaje. Akainamisha kichwa kidogo upande mmoja, akasema umependeza.

Kesho saa mbili naanza ofisi ya mtaa. Ukuta wao ni mrefu mara tatu. Nimeshachora bango.